Kinyozi na Sura ya Saba

Kinyozi yule ambaye wateja walizoea kumwita Redio hakuwahi kunyoa kichwa kimya kimya tangu ashike mashine. Ukikaa kwenye kiti chake, kabla hajakufunga kitambaa shingoni ameshajua umetoka wapi, umegombana na nani, na mtoto wako mdogo ameota meno mangapi. Hakuwa mmbeya, tusimsingizie. Alikuwa anauliza tu, watu wanajibu, na wakitoka pale wamepungukiwa nywele na mawazo.

Sasa mtu wa namna hiyo ndiye aliyejikuta kwenye darasa la lugha ya kigeni, ghorofani juu ya duka la rangi, kila siku ya kazi saa kumi na moja jioni. Mkewe alikuwa muuguzi, ameajiriwa katika hospitali moja ng'ambo, na huu ulikuwa mwaka wa pili. Ili Redio aruhusiwe kumfuata, ilibidi afaulu mtihani wa mazungumzo. Lugha yenyewe haikumpa taabu, maana mdomo anao. Taabu ilianzia sura ya saba, iliyoitwa "Jamii na Utamaduni".

"Katika nchi ile," alisema mwalimu, mama mmoja asiyecheka ovyo, aliyeishi huko miaka kumi na minane akarudi na miavuli sita, "mtu usiyemjua humuulizi umri, ndoa, watoto, afya, wala anakoishi. Unazungumza naye habari za hali ya hewa."

"Akishasema kuna mawingu?" aliuliza Redio.

"Unasema naam, yapo."

"Halafu?"

"Halafu mnaagana."

Redio alijiona kama mtu aliyepewa chai bila sukari. Mwalimu alikuwa na kengele ndogo ya mezani, na kwenye mazoezi aliigonga kila mwanafunzi alipouliza swali la ndani. Mpishi wa hoteli aligongewa mara moja. Mshona mapazia hakugongewa kabisa. Redio aligongewa mara kumi na moja kwa dakika tano, na ile ya mwisho alikuwa hajauliza kitu, amevuta pumzi tu.

"Alhamisi ijayo mtahini anatoka huko huko," mwalimu alimwambia baada ya kipindi. "Ukimuuliza jambo lolote la kwake, sehemu ya utamaduni unapata sifuri. Na ukipata sifuri, mkeo utaendelea kumwona kwenye simu."

Hilo lilimwingia. Redio akapiga moyo konde na kuamua kufanya mazoezi kazini.

Jumamosi asubuhi alikaa kitini fundi bomba, mteja wake kwa miaka tisa, ambaye ugomvi wake na mama mkwe ulikuwa unasimuliwa pale kwa awamu. Wiki iliyopita waliishia pazuri: mama mkwe amehamia kwa fundi, tena na kabati lake. Fundi alikaa mkao wa kuulizwa.

"Naona leo kuna mawingu kidogo," alisema Redio.

Fundi alisubiri. Mashine ilivuma.

"Ila upepo umetulia," Redio aliongeza.

Fundi akamtazama kwenye kioo. "Redio, umesikia nini kuhusu mimi?"

"Sijasikia kitu. Jioni huenda ikanyesha."

Fundi bomba aliondoka amenyolewa upande mmoja, hana raha. Kufika adhuhuri mtaa mzima ulijua kwamba Redio amenyamaza. Kufika alasiri sababu ilikuwa imeshapatikana: mkewe kampata mwingine huko ng'ambo, maskini, ndiyo maana siku hizi anaangalia mawingu. Jumapili watu wakaanza kumiminika nyumbani kwake na sufuria za vyakula, wakaketi sebuleni wakisemezana kwa sauti za chini. Dada yake mkubwa alifika wa kwanza na kujiteua msemaji wa familia.

"Mdogo wangu, lia tu," alimwambia. "Ukizuia utaumwa tumbo."

"Dada, sina la kulia. Najifunza utamaduni."

"Anasema anajifunza utamaduni," dada aliwatangazia wageni, na mama mmoja akatikisa kichwa kwa huruma, akasema hata kaka yake alianza hivyo hivyo.

Katikati ya msiba huo usio na maiti, simu ikalia. Alikuwa mkewe, yuko kwenye mapumziko ya zamu. Sebule nzima ikatega masikio. Redio akaona hapa ndipo pa kujipima.

"Huko kuna baridi?" aliuliza.

"Ipo."

"Na upepo?"

Mke akasema taratibu, "Nani amekutuma uniulize upepo?"

"Nafanya mazoezi ya mtihani."

"Mume wangu, mwaka wa pili huu kila mtu hapa ananipa habari za upepo. Nikiingia kwenye lifti, upepo. Kituo cha basi, upepo. Wagonjwa wanakaribia kukata roho, wananieleza mvua ya jana. Niulize nimekula nini, la sivyo nakata simu."

"Umekula nini?"

Basi akamweleza. Mkate, yai lililopasuka likiwa jikoni, kiatu kinachombana kidole, jirani mwenye paka watatu ambaye mpaka leo hawajuani majina. Nusu saa nzima. Redio alisikiliza huku akijifuta macho kwa shati, na wageni walipoona machozi wakaridhika, wakaanza kupakua chakula.

Alhamisi aliingia chumba cha mtihani na shati lililonyooshwa vizuri. Mwalimu alikaa pembeni kama shahidi, na kengele yake mbele. Mtahini alikuwa mzee mrefu, mpole, ndani ya suti ya heshima. Redio alianza vizuri ajabu. Kwa lugha ya wenyewe alilisifu jua, akaulaumu unyevu, akatoa maoni ya wastani kuhusu ukungu. Mwalimu alikaribia kutabasamu. Imebaki dakika moja, mtahini akainama kuokota kalamu, na Redio akakiona kisogo chake.

Kilikuwa na ngazi. Nywele zimekatwa huku juu, kule chini, na katikati kimebaki kijishamba kilichosahauliwa. Redio aliuma ulimi. Alimfikiria mkewe. Aliufikiria ukungu. Lakini miaka ishirini ya kazi ikamshinda nguvu.

"Samahani mzee wangu, nani amekufanyia hivi?"

Kengele ikalia.

Mtahini alijishika kisogo. "Mimi mwenyewe," alisema. "Mke wangu ndiye aliyekuwa ananikata nywele."

"Yuko wapi?"

Kengele.

"Amebaki nyumbani. Hapendi joto. Mwaka wa tatu sasa."

"Anakula nini huko peke yake?"

Kengele, mara mbili.

Mzee aliiweka kalamu mezani. "Sijui," alisema. "Tukipigiana simu huwa tunazungumzia mvua."

Kuanzia hapo hakukuwa na wa kumzuia. Redio anauliza, mzee anajibu: binti asiyepiga simu, goti la kushoto, mbwa aliyekufa mwaka jana ambaye hakuwahi kumwambia mtu kwamba alimlilia. Ilipita saa nzima na robo. Watahiniwa waliokuwa kwenye foleni nje walikaa sakafuni. Mwalimu alichoka mkono, akaitia kengele kwenye mkoba, na walipofika kwenye habari za mbwa naye alikuwa anauliza maswali.

Ndipo mtahini alipoikumbuka karatasi yake. "Lugha umefaulu," alisema. "Utamaduni ni sifuri. Sina namna."

Redio aliitikia kwa kichwa. Kusubiri kote kule kumeharibika kwa sababu ya kisogo cha mtu. Mtahini aliandika kwa muda mrefu, akafunga bahasha, akasema jibu litatoka ubalozini.

Lilitoka baada ya wiki tatu. Redio alilifungua mbele ya dada yake, akamsomea maelezo ya mtahini kama yalivyo: "Mtahiniwa haufahamu utamaduni wetu hata kidogo. Napendekeza aingie nchini haraka, kabla hajaufahamu." Chini yake ulikuwepo muhuri wa ruhusa.

Dada alitafakari. "Sasa hapo umefaulu au umefeli?"

"Nimefeli, dada," alisema Redio, machozi yanamtiririka hadi kidevuni. "Nisaidie kufunga mizigo."