Mchoro wa Ukuta wa Jikoni

Tangu nyumba ya marehemu mama itangazwe kuwa urithi wa kuhifadhiwa na kutazamwa na wageni, Dada Mkubwa hakuwa na raha. Ni nyumba ya shamba, kuta za udongo, paa la nyasi, kizingiti kirefu mpaka wageni wanajikwaa. Yeye alizaliwa humo. Lakini ufunguo alipewa wifi yake, mke wa mdogo wake, na ndiye aliyewatembeza wageni kwa madaha, utadhani kaja nayo kutoka kwao.

Kilichomkera zaidi ni ukuta wa jikoni. Ulikuwa na mchoro wa mawimbi, uliochorwa kwa vidole udongo ukiwa mbichi, na wageni waliupiga picha kuliko kitu kingine chochote. Mama hakumfundisha bintiye mchoro ule. Binti ataolewa aende zake, alisema. Mchoro ni wa atakayebaki. Basi binti akawa wa kuteka maji na kukwangua udongo wa zamani, halafu huyu mkwe akaja, hata hajazoea milango, akafundishwa kila kitu. Wivu huo ulimkaa Dada Mkubwa rohoni miaka yote, wala hakuuonea haya.

Asubuhi moja wifi alipokwenda bombani, Dada Mkubwa aliingia jikoni na kisu. Alijiambia kwamba mawimbi haya ni ya wifi. Ya mama yatakuwa chini yake. Akakwangua. Udongo ukadondoka, akakwangua tena, mpaka fito zikamtolea macho. Ndipo akili ilipomrudia. Katika nyumba hii udongo mpya haupakwi mpaka wa zamani ukwanguliwe wote. Michoro ya mama ilikwisha zamani, na mingi aliikwangua yeye mwenyewe, kwa bidii, akiwa msichana.

Wifi alimkuta hapo hapo, kisu mkononi, vumbi mpaka kwenye kope. Wageni walikuwa njiani.

"Wifi, unatafuta nini?"

"Mkono wa mama."

Wifi hakupandisha sauti. Alitua ndoo, akakanda udongo, akaziba fito zile, kisha akamshika Dada Mkubwa vidole na kuviongoza ukutani.

"Alinishika hivi," alisema. "Usikaze. Mama alikuwa hakazi."

Wimbi la kwanza lilikwenda upande. La pili likakaa sawa. Dada Mkubwa alilia, na hakujificha.

Wageni walipofika waliuliza nani kachora pale palipokuwa bado pabichi. Wifi alijibu kwamba ni binti wa nyumba hii, akamsogeza mbele, wakampiga picha. Alisimama na matope mikononi, akitamani angalau wifi angemtukana. Mama hakukosea kuchagua, na hilo ndilo lililomuuma kuliko yote.