Mashua Iliyoitwa Verlene

Mashua ilibeba jina lake, lakini Verlene Whitelock hakuwahi kuikanyaga. Wavuvi wa chaza wa Kisiwa cha Deal waliamini mwanamke akipanda, chaza hukimbia, na mumewe Elzey aliishika imani hiyo mpaka kufa. Majira yote ya baridi aliondoka kila Jumatatu alfajiri, akarudi Jumamosi ananuka tope na moshi, akala, akalala. Verlene aliionea wivu mashua ile kama mke mwenza.

Elzey alipofariki, mashua ilioza bandarini hadi watu wa makumbusho walipoichukua wakaikarabati. Siku ya kuijaribu majini, nahodha mpya, msichana aitwaye Joelle, alimnyooshea Verlene mkono.

"Karibu, bibi. Hii ni yako."

Shemeji yake Otho, aliyevua na Elzey tangu ujana, alishaketi karibu na mlingoti. "Verlene, usituletee nuksi!"

"Nuksi ni huo mdomo wako. Sogea huko."

Tanga lilipojaa upepo, Verlene akashuka kutazama chini ya sitaha. Siku zote alidhani kuna starehe fulani iliyomsahaulisha mumewe nyumbani. Akakuta kijichumba ambamo hakuweza kusimama wima, jiko la makaa, na vitanda vyembamba kama rafu.

"Mlilala humu?"

"Watu sita," Otho alijibu kutoka kwenye ngazi. "Elzey alilala pale mlangoni, penye baridi kuliko kote. Alikataa mtu mwingine alale pale." Akajikuna kidevu. "Halafu anaanza kutuhadithia mapishi yako. Supu ya kasa, mikate ya moto. Tunamwambia nyamaza, bwana, unatutesa!"

Verlene akajikalisha kwenye kitanda cha mlangoni. "Mimi hakuwahi kunisifia hata chumvi."

"Sikujua, shemeji. Nilidhani anakwambia."

Verlene alilia, kisha akacheka, kisha akalia tena. Otho alibaki pale ngazini, kofia mkononi, asijue aondoke au akae.

Walipopanda juu, Joelle alikuwa anavuta wavu wa chuma. Chaza walimwagika sitahani kwa kishindo. Otho akampasulia Verlene mmoja mnene, akampa. Verlene akammeza na maji yake ya chumvi.

"Jumapili uje kula," alimwambia. "Unieleze na mengine aliyosema."

Otho alifika amenyoa ndevu, na alikaa mpaka supu ikaisha.