Tumbo la Dakika

Kama si kile kipimajoto, huenda mambo yangekwenda salama.

Palikuwa na fundi saa ambaye mtaa mzima ulimwita Dakika, kwa kuwa hakuwahi kuchelewa popote. Siku moja mkewe alisafiri kwenda kumuuguza dada yake aliyevunjika mguu. Kabla ya kuondoka alimsimamisha mumewe mlangoni mwa stoo, mbele ya karai lililotandikwa majani makavu. Kuku mwekundu alikuwa amejitandaza humo, akiatamia mayai kumi, uso umemkunjamana kama mtu aliyekalia siri.

"Baba watoto, siku ishirini na moja. Maji hapa, mahindi hapa. Wewe kazi yako ni moja tu."

"Ipi?"

"Kumwacha."

Hiyo ndiyo kazi iliyomshinda. Mtu aliyezoea kufungua kila kitu kwa bisibisi aone ndani kinaendaje, utamwambiaje alale nyumba moja na mayai kumi asiyachungulie? Alichungulia akiamka, akachungulia akirudi kutoka kazini. Kuku naye hakuwa wa kuchezewa. Alimdonoa vidole mpaka wateja wakamuuliza kama siku hizi anatengeneza misumeno.

Siku ya ishirini akaja na kipimajoto cha homa.

"Samahani, mama," akamwambia kuku, akapenyeza mkono chini ya bawa.

Kuku akapiga ukelele, akamchapa bawa la uso, akatokea dirishani, huyooo, mpaka juu ya bati la jirani. Dakika akambembeleza kwa mahindi, akamwomba radhi, akamsifia na manyoya. Kuku akamgeuzia mkia.

Mayai yakaanza kupoa. Dakika akatazama saa: dakika kumi na tisa. Akatazama tena: ishirini na nne. Maji yalipomfika shingoni akavua shati, akayafunga mayai ndani ya shuka, akajizungushia tumboni, akavaa koti la baridi juu yake. Kisha akaketi kwenye kochi, wima, akipumua kwa adabu.

"Hodi wenyewe!"

Alikuwa mama mkwe wake, na kapu mkononi.

"Karibu, mama. Shikamoo. Nisamehe, siwezi kusimama."

"Marahaba, baba. Una nini? Koti, na jua lote hili?"

"Tumbo tu, mama."

Mama mkwe akatua kapu, akalikazia macho lile tumbo. Alikuwa mkunga mstaafu, na matumbo aliyoyatazama maishani mwake hayana idadi.

"Limeanza lini?"

"Leo asubuhi."

"Leo asubuhi, limeshafika hapo?"

"Linakwenda mbio, mama."

"Hebu lala nikushike."

"Hapana, mama! Hili halishikiki!"

Jasho likamtiririka mgongoni. Kumkatalia mkwe ni aibu, na kumkubalia ni kuvunja mayai. Huyu akatazama dari, yule akatazama koti. Ndipo ndani ya koti kitu kikasema, "Pii."

"Njaa hiyo, mama."

"Pii. Pii, pii."

"Baba," akasema mama mkwe taratibu, "miaka thelathini na mitano nimesikiliza matumbo. Hili ni la kwanza kuniamkia."

Dakika akafungua koti na kueleza yote, tangu kipimajoto hadi bati la jirani. Mama mkwe akacheka mpaka akashika meza. Alipokwisha kufuta machozi, akachukua lile yai lililokuwa likilia, akaenda nalo dirishani, akaliinua.

"Wewe usionekane. Jifiche nyuma ya mlango."

"Pii," likasema yai.

Juu ya bati kuku akainua kichwa. Akageuza shingo huku, akaigeuza kule. Lilipolia mara ya tatu, akashuka kwa kishindo, akapita dirishani akilalamika, akaingia karaini. Mama mkwe akamsukumia mayai mojamoja chini ya kifua, wala hakudonolewa hata mara moja. Nyuma ya mlango Dakika alitazama vidole vyake, roho ikamuuma.

Kesho yake adhuhuri vifaranga wanane walikuwa wameshatoka. Yai la tisa lilikuwa na kitundu, na ndani yake mdomo mdogo ukigonga, ukipumzika, ukigonga. Dakika akaja na koleo yake ndogo ya kunasia skrubu.

"Irudishe," akasema mama mkwe.

"Anateseka, mama. Nimsaidie kidogo tu."

"Utamtoa damu. Keti."

Akaketi juu ya kigoda, mikono ameikalia. Mchana ule wote hakutazama saa hata mara moja. Alasiri ganda likapasuka, kifaranga akaanguka nje, amelowa, amechakaa kama kitambaa cha kufutia meza. Dakika akagundua kwamba naye alikuwa amebana pumzi.

Yai la kumi lilikuwa viza. Mama mkwe akalifukia nyuma ya choo, kisha akampigia binti yake simu, akamwapisha asimwambie mtu. Binti akamwambia dada yake tu, dada naye akamwambia shoga yake mmoja, mwenye siri sana.

Wiki iliyofuata mteja wa kwanza aliinama kwenye dirisha la kibanda.

"Hongera, fundi! Habari za uzazi?"

Dakika alitaka kukasirika. Akamtazama, akavuta kiti.

"Tisa," akasema. "Wote wazima. Lete saa yako."