Mvumo kwenye Kompyuta Mpya

Siku ya kwanza kompyuta ilinyamaza kama kijana aliyekuja kuposa. Ilikaa mezani, nyeusi, inang'aa, skrini mbele na kasha lake pembeni, ikafanya kila ilichoambiwa bila hata kukohoa. Mtangazaji aliitazama akaona maisha yake yanaanza upya. Kesho yake asubuhi, alipobonyeza swichi, ikaanza kuvuma.

Haukuwa mvumo mkubwa. Ungekuwa mkubwa, kila mtu angeusikia na yeye asingeonekana ana wazimu. Ulikuwa mwembamba, hauishi, kama nyuki aliyefungiwa ndani ya kopo. Ulipanda kidogo, ukatetemeka, ukashuka, na ulipodhani umekwisha, ukapanda tena.

Watu walimwita Mtangazaji kwa sababu alisoma taarifa ya habari kwenye redio ndogo ya mji mpaka redio ile ikafungwa. Hadi sasa muuza mikate alikuwa hampi mkate bila kumwomba aseme kwanza, "Na sasa, habari kwa ukamilifu." Alikuwa anasema huku anacheka, lakini akifika nyumbani kicheko kinamtoka. Sauti yake ilikuwa haina kazi.

Halafu shule ya watoto wasioona ikatafuta mtu wa kuwasomea vitabu vya darasani na kuwarekodia. Kazi ya mwaka mzima. Mwalimu mkuu, mwanamke mpole asiyependa maneno mengi, alimpa kitabu akamwambia: "Nisomee sura moja. Ijumaa kabla sijafunga ofisi niwe nimeipata. Sauti iwe safi, pasiwe na chochote nyuma yake. Watoto wangu wanasikia tusivyosikia sisi. Kelele ndogo inawachosha kama wewe kusoma maandishi yaliyofifia. Yupo msomaji mwingine anasubiri, nakuambia ukweli."

Ndipo Mtangazaji akachukua kiinua mgongo chake alichokuwa amekifungia, akanunua kompyuta na maikrofoni. Na sasa hii.

"Unausikia huu mlio?" alimwuliza mumewe, fundi wa kuchomea vyuma.

"Mlio gani?"

"Huo! Huo hapo!"

Mume aliinama, akaweka mkono nyuma ya sikio. "Mimi sisikii kitu."

"Utasikia nini wewe, na kutwa kucha unakata vyuma? Hata nikikuita husikii."

"Ukiniita kula nasikia."

Hakucheka. Alikuwa ameshachukua bisibisi kwenye mfuko wa kazi wa mumewe, anakaza skrubu za kasha moja baada ya nyingine, meno yamebana. Mvumo ukaendelea. Akachomoa spika. Ukaendelea. Akabadilisha plagi, akalisogeza kasha mbali na ukuta, akalitegea sikio ubavuni kama daktari anayesikiliza kifua. Akazima, akawasha. Akalipiga kofi. Baada ya kofi uliongezeka, au alidhani umeongezeka.

"Mimi nausikia," alisema mama mkwe kutoka kwenye kiti chake cha dirishani, bila kuinua macho kwenye uzi. "Lakini si mashine hiyo, mwanangu? Lazima ipumue."

Huyu mama mkwe watoto wa mtaa walimwita Bibi Uzi. Alikuja kukaa na mwanawe baada ya kuvunjika nyonga, na kwa kuwa miguu ilimkataa, mikono ikafanya kazi ya miguu. Alifuma. Televisheni ilikuwa na kitambaa chake, redio chake, migongo ya viti, jagi la maji, kopo la sukari. Rimoti ilivaa koti. Chochote kilichotulia mahali kidogo kilivalishwa juu na kutandikiwa chini. Mwanawe alikuwa akisema yeye haketi sana sebuleni, anaogopa kuamka ana kofia.

Kompyuta ilipofika, Bibi Uzi aliifumia kitambaa cha buluu chenye vishada. Mtangazaji alisoma kwenye kijitabu cha maelezo kwamba matundu ya juu yasifunikwe, kwa hiyo kila akianza kazi alikitoa, akakikunja vizuri, akakiweka pembeni. Hakutaka kumvunja moyo mama wa watu. Na kwa kuwa alishakitoa, hakukifikiria tena.

Jumatano alilishusha kasha sakafuni, pengine meza ndiyo inatetemeka. Akaenda kunywa maji apoze kichwa. Aliporudi, akakuta limeshatandikiwa, maana Bibi Uzi hakuweza kuona kitu kipya kimelala chini kama hakina wenyewe. Mtangazaji hata hakulitazama hilo. Katika nyumba ile, kuona kijamvi cha uzi chini ya kitu ilikuwa kama kuona miguu chini ya meza. Akawasha. Mvumo ule ule. Akalirudisha mezani kwa kulibwaga, na Bibi Uzi akarudisha kijamvi mahali pake.

Alhamisi akalibeba mpaka dukani, akalipakata kwenye teksi kama mtoto mgonjwa. Alishapanga maneno yote. Angemweleza muuzaji yule, mbele ya wateja wake, maana ya kumuuzia mtu kitu kibovu.

Muuzaji akalichomeka kwenye umeme. Wateja wakasogea. Kimya.

"Subiri," alisema Mtangazaji. "Huwa linaanza baadaye."

Wakasubiri. Feni ikazunguka taratibu, unaisikia tu ukiinamisha kichwa. Muuzaji akavua miwani, akaifuta, akaivaa.

"Dada yangu, kitu kizima hiki."

"Nyumbani linavuma!"

"Nyumbani kwako hakuna panya?"

Mteja mmoja akaguna. Mwingine akageuza uso kuficha kicheko. Maneno yote aliyoyapanga yakamkauka kooni, na yeye ndiye mtu aliyesoma habari miaka yote ile bila kukwama.

"Panya wako huko unakotoa adabu zako," alisema mwishowe, akachomoa waya mwenyewe.

Muuzaji alimfungulia mlango, akamshikia kasha mpaka teksi ikaja, akaliweka kitini taratibu. Lakini Mtangazaji alikuwa kwenye hali ambayo hata wema unauma. Alimwona tu ni mtu anayefurahi kumwondoa dukani kwake.

Nyumbani aliliweka pale pale mezani, akaliwasha. Nyuki akaamka ndani ya kopo.

Siwezi kuyaandika yote aliyoyasema. Bibi Uzi alisimamisha sindano yake, akatazama dari mpaka yalipokwisha.

Ikafika Ijumaa. Mchana umeshavuka, na Mtangazaji alikuwa amejifunika blanketi zito kichwani, yeye na maikrofoni na kitabu na tochi, anasoma sura ya mto unavyoanzia milimani. Jasho lilimtiririka hadi kwenye kope. Alisoma vizuri, hata yeye alijijua. Akajifunua, akavaa hedifoni, akasikiliza. Mto ulishuka milimani, na chini ya kila neno, zzzzzz.

Saa hiyo hiyo mlango ukafunguliwa taratibu. Bibi Uzi aliingia na mkongojo mkono mmoja, na mkono mwingine kikombe cha chai. Alikuwa ametembea nacho kutoka jikoni bila kumwaga hata tone, na nyonga yake ile. Na kikombe kilikuwa kimevaa. Kilikuwa na sweta ndogo ya manjano yenye kifungo.

"Isipoe," alisema. "Nimekifumia ili..."

"Toa!" Mtangazaji alisimama, blanketi likaanguka. "Toa, Mama! Toa vyote! Kila kitu humu ndani kimevaa! Tunaishi ndani ya sweta! Siwezi kuvuta pumzi, siwezi kushika rimoti, hata chai inavaa! Mimi natafuta kimya kidogo tu, kidogo, nifanye kazi yangu, na kila nikigeuka ni uzi, uzi, uzi! Sitaki kuona kitambaa hata kimoja!"

Alijisikia anasema. Alijua uzi haukuwa na kosa. Mvumo ulikuwa wa kompyuta, na aliyemchekelea alikuwa mteja wa dukani, lakini aliyekuwa mbele yake ni huyu, na hasira haina subira ya kuchagua.

Bibi Uzi aliweka kikombe mezani. Akakivua sweta yake, akaiweka mfukoni.

"Sawa," alisema.

Akatoka. Kwanza ikasikika televisheni inavuliwa, halafu redio, halafu viti. Mkongojo uligonga sakafu, ukatulia, ukagonga tena. Alienda jikoni. Akarudi. Hakuharakisha hata kidogo, na kila kituo cha ule mkongojo kilimchoma Mtangazaji, naye kwa kiburi akakaa vile vile, mikono kifuani, akilikodolea macho kasha.

Kisha Bibi Uzi akaingia tena, mzigo wa vitambaa kwapani. Alichukua cha buluu chenye vishada. Akatazama huku na huku asisahau kitu. Akaliinamisha kasha kidogo kwa mkono mmoja, likiwa linavuma hivyo hivyo, na kwa mkono mwingine akavuta kijamvi kilichokuwa chini yake.

Mvumo ukakatika.

Chumba kikawa kimya hadi ikasikika saa ya ukutani sebuleni. Chini ya kasha, mahali ambapo Mtangazaji hakuwahi kutazama, palikuwa na feni nyingine, ndogo, ya kuvutia hewa. Katikati ya kijamvi uzi ulikuwa umenyonywa ukasimama kama nyasi, ncha zake zimesagika kwa kukwaruzwa na mapanga ya feni. Bibi Uzi naye aliona. Alipitisha kidole juu ya zile ncha.

"Kumbe ni mimi," alisema.

"Mama..."

"Umesema vyote. Na hiki kimo." Akatoka, akafunga mlango nyuma yake polepole. Afadhali angeubamiza.

Kimya alichokitafuta wiki nzima kilikuwa hapo sasa, amepewa chote. Mwalimu mkuu angefunga ofisi muda si mrefu. Mtangazaji akafungua kitabu, akabonyeza pa kurekodi, akaanza: "Mto huanzia..." Sauti ikamtetemeka. Akarudia. Ikatoka kavu, kali, sauti ya mtu anayegomba na mto. Mtoto gani angetaka kusomewa hivyo? Akarudia mara nyingine, akafika kwenye neno chemchemi, akashindwa.

Akaenda sebuleni. Bibi Uzi alikuwa amekaa kwenye kiti kitupu, mfuko wa nguo miguuni, vitambaa anavipanga ndani kwa rangi.

"Nisamehe, Mama."

"Sitaki."

"Mama, nilikuwa na hasira ya..."

"Najua hasira ya nini. Mimi ni mzee, si mjinga. Una haki kuhusu ile mashine, nimekuharibia kazi. Lakini chai nilikuletea kwa miguu hii, nawe umenipigia kelele kama mbuzi aliyeingia shambani. Hasira unayo wewe, mimi nayo nimeikosa? Niache na yangu."

Mtangazaji akapiga magoti kwenye sakafu, akaanza kumsaidia kupanga. Bibi Uzi akamnyang'anya cha kijani. "Hicho kinakaa na vyeupe."

Hapo mlango wa mbele ukafunguliwa, mume akaingia na vumbi lake la vyuma. Akasimama kizingitini. Akatazama televisheni, viti, jagi, meza. Kila kitu uchi.

"Jamani," alisema kwa sauti yake ya kiziwi, mtaa mzima ukasikia. "Tumeibiwa?"

Akaangaza macho, akaona televisheni ipo, redio ipo. "Wameacha televisheni wakachukua vitambaa?"

Bibi Uzi alibana midomo. Mabega yakamtikisika. Alijitahidi sana, lakini kicheko kikamtokea puani, na Mtangazaji akaangua chake palepale sakafuni, kicheko na machozi pamoja.

"Usidhani yamekwisha," Bibi Uzi alimwambia, anajifuta macho kwa kitambaa cha redio. "Bado nimekasirika na kesho nitaamka nimekasirika. Nenda kasome. Watoto wa watu wanasubiri."

Alisoma mara moja tu, bila kukosea. Mlangoni Bibi Uzi aliweka kiti chake akakaa kulinda, na mwanawe alipotaka kuoga alimnyooshea mkongojo, naye akabaki na vumbi lake hadi mwisho. Sura ile ilimfikia mwalimu mkuu akiwa ameshika funguo mkononi.

Kweli kesho yake Bibi Uzi aliamka na hasira, na keshokutwa pia. Nyumba ilibaki tupu. Mtangazaji hakumbembeleza. Alimpikia, akamtengea maji ya kuoga, akamwacha na yake kama alivyoombwa. Baadaye redio ikaonekana imevaa, halafu jagi. Kasha la kompyuta halikuvalishwa tena, si juu wala chini.

Jibu la shule lilikuja: kazi ni yake, aanze mara moja. Sauti ni safi, aliandika mwalimu mkuu, ila akisoma herufi p pumzi yake inagonga maikrofoni, atafute namna. Mtangazaji alilisoma kwa sauti mezani, lote, pamoja na hilo la p, kisha akaenda sokoni.

Aliporudi, maikrofoni ilikuwa na kofia. Ndogo, laini, ya uzi wa kile kijamvi uliofumuliwa na kufumwa upya. Akavaa hedifoni, akajaribu: papai, pilipili, popo. Hakuna kilichogonga.

"Hiyo haina feni ndani?" iliuliza sauti kutoka dirishani, bado kali.

"Haina, Mama."

"Basi soma."