Sahihi Isiyo Sahihi

...na kalamu yenyewe imekuwa nzito, au ni mkono, hapa tu Mwalimu, anasema Theonest, mtendaji wetu wa kijiji, kidole chake kimelala kwenye nukta, weka sahihi hapa, na juu wameandika RIDHAA kwa herufi kubwa, na chini ya nukta wamechapa Bi. Mbuke Benjamini, sasa huyo ni nani, mimi ni Mbuke Ndaki, Benjamini alikuwa mume wangu, Mungu amrehemu, na hili shamba ambalo kampuni inataka kulichimba dhahabu hakuwahi kulipiga jembe hata siku moja, ni la baba yangu, mzee Ndaki, naye amelala humo humo, kando ya ua wa minyaa, na karatasi inasema mimi nimeridhia... lakini jina silo, basi nikiweka sahihi si itakuwa sahihi isiyo sahihi, si nitakuwa sijasaini, ngoja kwanza, habari hii naijua, nimeisikia wapi, ah, si naifundisha mwenyewe, huwa naichomeka kwenye somo la ukoloni, malkia wa Hawaii, mjane kama mimi, walimfungia chumbani ndani ya jumba lake mwenyewe wakamletea karatasi ya kuacha kiti, wakamwambia usiandike jina la kimalkia, andika lako na la marehemu mumeo, Liliuokalani Dominis, naye akaja kusema baadaye kwamba mtu wa jina hilo hayupo... na Nelly wa dawati la mbele akasimama, Mwalimu, kama alijua jina si lake, mbona alisaini, nikamjibu hilo haliulizwi kwenye mtihani, kaa, darasa zima likacheka, nami nikajiona nimechekesha.

Dada, weka sahihi tukapumzike, ananong'ona Makoye nyuma yangu, mdogo wangu huyu, yeye amesaini tangu asubuhi, na lake wamelichapa vizuri, Makoye Ndaki, sasa langu lilipotelea wapi, wamekosea au wamekusudia, baba atahamishwa kwa heshima, anasema Makoye, kaburi jipya la saruji, dada, na baba hakupenda saruji, au alipenda, mbona sikumbuki... nje kwenye turubai mgeni anasema tena, mheshimiwa, mbunge wa huko kwao ng'ambo, mkalimani anasema mheshimiwa hana upande wowote, amekuja kushuhudia tu, na alipofika alitusalimu mwangaluka, salamu ya asubuhi, wakati saa nane imeshapita, watu wakapiga makofi, na mimi nilipiga, nilipiga kweli... kushuhudia tu, hata yule balozi wa Marekani kule Honolulu alikuwa mgeni tu, kumbe anakula njama na wenye mashamba ya miwa, akaita askari washuke melini, kulinda maisha na mali, ndivyo alivyosema, wakajipanga mahali ambapo malkia akichungulia dirishani anawaona, nami nachungulia, dirisha la ofisi ya kijiji halina kioo, askari wawili wako langoni, Theonest alisema ni kwa usalama wa mgeni, mmoja anatafuna karanga, mwenzake anacheka, hawajamgusa mtu, sasa wale ndio hawa, hapana, Mbuke, unachanganya, ule ni mwaka mwingine na bahari nyingine, hapa ni Geita, hapa kuna karanga.

Au nisaini tu hili jina la uongo, halafu kesho niende mahakamani niseme hakuna anayeitwa Mbuke Benjamini, itakuwa nimewapata, ujanja mzuri huo... lakini malkia naye si alikuwa na ujanja wake, siku wanampindua, miaka miwili kabla ya karatasi ile, hakuwaachia nchi watu wa miwa, aliandika kwamba anaiachia serikali ya Marekani yenyewe, mpaka itazame ukweli na kumrudishia, na rais wao wa wakati ule akatazama, akakiri kwamba amedhulumiwa, na bado kiti hakikurudi, akaja rais mwingine na bunge lake wakavichukua visiwa vyote, wakaomba radhi baada ya miaka mia, yeye yuko kaburini zamani. Na lile jina lisilo lake halikumsaidia kitu. Karatasi haikuuliza, na hapa ataniuliza nani, Theonest? Wanataka mkono wangu tu, jina watalipata popote... basi mbona alisaini, Nelly, jibu nilikuwa nalo siku ile, nilikunyima kwa uvivu tu, alisaini ili watu wake walioshikwa kwa kujaribu kumrudisha wasiuawe, ndivyo alivyosema mwenyewe, walikuwa na roho za watu mkononi. Na mimi hapa atakufa nani? Namtazama Makoye, mzima, anajifuta jasho, namtazama yule wa karanga, hakuna atakayekufa leo, sasa nahofia nini, hebu sema kweli, mwalimu mzima wewe... namwogopa mgeni. Simwogopi hata, naona haya, naogopa kumvunjia heshima mbele za watu, ametoka mbali, ametusalimu kwa Kisukuma, ndicho hicho tu, shamba la baba na baba mwenyewe ndani yake navitoa kwa kuona haya, moyo unaniuma kama nimemwona mtoto wangu anaiba.

Hapa tu, Mwalimu, anasema Theonest, na kidole hakijasogea, kalamu iko juu ya nukta kama mwanzo, haijagusa, Makoye anavuta pumzi nyuma yangu, kwenye turubai wanapiga makofi, mgeni ataingia sasa hivi kunipa mkono, na nitaupokea, mkono ni mkono, kisha nitamwambia taratibu, mheshimiwa, saa hizi hatusemi mwangaluka, saa hizi tunasema mwadila, na mimi naitwa Mbuke Ndaki...