Nyumba ya Oicha

“Avoka wa bure, ye anakulaka wapi?”

Swali hilo Yolande, jirani yake, alimtupia Débora kwenye bomba la maji, hapo Butembo, asubuhi aliyotoka kwa shefu wa kartie, mkuu wa mtaa wao, akiwa na karatasi mkononi. Karatasi ilikuwa na muhuri, na ilisema kwamba mama huyu ni mjane na hana kitu. Bila karatasi hiyo, buro, yaani ofisi, ya wanasheria isingeweza kumpa mtu wa kumtetea mwana wake. Mjane wa shemasi kutembea na cheti cha umaskini! Aliikunja mara nne, akaificha ndani ya Biblia, na humo pia aliona kama inamchoma.

“Sijue anakulaka wapi,” alijibu.

“Basi angalia sahani yake. Mutu asikuombe kitu, ujue kuko mwengine anamupa. Miye sina mudomo, yaya, nimesema tu.”

“Weye hauna mudomo? Basi siye wote tuko mabubu.”

Walicheka. Lakini neno lile lilibaki kwa Débora kama siafu aliyeingia ndani ya nguo: humwoni, unamsikia tu akitembea.

Mwana wake Gracien alikuwa mwendesha moto, yaani pikipiki. Walimkamata kwenye bariera, kizuizi cha askari, kaskazini ya Beni, njia ya Oicha. Juu ya moto walikuta mabote ya mpira jozi sita, tochi na mapile, betri zake, chumvi, na katoni mbili za sardini. Askari wakamwuliza, “Hivi vyote ni vya nani?” Akanyamaza. Katika nchi ambamo watu wa porini wanaua wakulima mashambani mwao, mtu anayebeba jozi sita za mabote akanyamaza, kimya chake kinageuka shahidi. Wakamtia gerezani Beni. Na kwa kuwa siku hizi jeshi ndilo linatawala jimbo, alingojewa na mahakama ya kijeshi. Wenye kushindwa pale walikuwa wanahesabiwa miaka ishirini.

Avoka aliyepewa kesi hiyo jina lake lilikuwa Gamaliel Muyisa, Mnande kwa kabila kama wao. Watu walimwita Maître. Alikuwa na simu mbili, na viatu vyake viling'aa hata siku za matope. Hakuomba kitu. Débora alipomletea mayai kumi, alishukuru, akamwambia, “Mama, peleka kwa Gracien.” Jambo hilo halikumpendeza. Angaliyachukua, Débora angalilala.

Débora alikuwa mtu wa kuangalia. Kanisani alijua nani hafumbi macho wakati wa sala, kwa sababu na yeye aliacha lake moja wazi. Hivyo, kila Jumanne alipopanda gari kwenda Beni na chakula cha mfungwa, bugali na sombe ya majani ya muhogo, alipita kwanza karibu na mahakama, akasimama. Jumanne ya tatu aliona alichokuwa anangojea. Maître alisimama barazani na Kapiteni Kalala, mtu wa Kasai, yule mshitaki wa jeshi mwenyewe, aliyetaka Gracien afungwe. Walikuwa wanacheka. Maître akatoa bahasha, Kapiteni akaitia mfukoni.

“Bwana,” Débora akaomba kimoyomoyo, “weye unayeona sirini, na miye nimeona.”

Juma lililofuata Maître alimketisha kwenye benchi, akafungua dosye, faili la kesi. Alikuwa na furaha.

“Mama, sikiliza maneno banasema Gracien alitoa. ‘Nilikuwa ninapeleka vitu na mudogo yangu Paluku.’ Ulisikia? Mudogo yangu Paluku!” Akajipiga goti. “Mwenye kuandika hii alitoka mbali. Gracien, jina yake ya kuzaliwa?”

“Kambale.”

“Kambale ni kijana wa pili. Paluku ni wa kwanza. Mukubwa anageuka mudogo namna gani? Ata kichaa wa Butembo hawezi kusema vile. Donc, basi, maneno hii baliitunga, bakamushikisha kalamu atie sahihi. Siku ya kesi nitakuuliza swali moja tu: ulizaa vijana wangapi? Paluku yako eko wapi?”

“Nilimuzika. Surua. Alikuwa na miaka mbili.”

“Pole, mama.” Akashusha sauti. “Na baba? Hakukuwaka na nyumba ingine?”

Débora aliangalia vile viatu vinavyong'aa.

“Bwana yangu alikuwa shemasi,” akasema.

“Eee, njo vile,” Maître akajibu, akaandika.

Hakusema uongo. Alimweleza Mungu hivyo njia yote mpaka Butembo, na Mungu hakumjibu.

Kwa maana nyumba nyingine ilikuwako. Marehemu Éliakim alikuwa ananunua kakao Oicha, siku tatu kwa juma, miaka mingi, na Débora hakuwaza kitu. Kesho yake, baada ya maziko, simu ya marehemu ililia. Akaipokea. Sauti ya mwanamke ikauliza, “Allo, baba Paluku eko muzuri?” Débora akaikata. Hakumwambia mtu: wala mchungaji, wala mwana wake. Kanisa lingalimfuta shemasi hata ndani ya kaburi. Lakini alielewa siku ile ile. Kwa Wanande kila tumbo linaanza hesabu yake upya. Kijana wa kwanza wa kila mama ni Paluku. Hivyo Oicha kulikuwa na Paluku wa mama mwingine, mdogo wa Kambale. Maître naye alijua desturi hiyo. Alihesabu tumbo moja, akasikia neno shemasi, akafunga hesabu.

Basi yale maneno yaliyomchekesha yalikuwa ya kweli. Na kama hayo ni ya kweli, Gracien ndiye aliyeyasema. Hapo shaka ilimwacha avoka kidogo, ikamgeukia mwana. Gracien alimjuaje yule mtoto? Walikuwa wanapeleka nini pamoja, na kwa nani?

Kumwambia Maître? Amwambie mtu wa bahasha! Neno lingefika kwa Kapiteni kabla jua halijatua.

Siku moja kabla ya kesi alikaa na Gracien katika ua wa gereza. Kijana alikuwa amekonda, shingo kama ya kuku wa kideri.

“Mabote ni ya nani, Gracien?”

“Mama, sombe yako iko muzuri. Acha nikule.”

“Nimekuuliza.”

“Kuko mambo mutoto hawezi kubebesha mama yake.” Akainamia sahani, na hakuinua macho tena.

Débora alilipima neno lile kila upande. Lingeweza kuwa la mtu anayelinda nyumba. Lingeweza pia kuwa la mtu wa porini.

Alikuwa anatoka pale wakati Kapiteni Kalala alipopita na mafaili yake. Akasimama, akamsalimu kwa heshima sana.

“Mama, pole na safari. Oicha, weye unapajuaka muzuri?”

“Nilipitaka tu,” akajibu.

“Aa, bon,” Kapiteni akasema, akaenda zake akitabasamu.

Débora akaketi juu ya jiwe. Wanajua! Avoka ameniuza! Kisha akili yake, iliyozoea kuangalia, ikamrudisha nyuma. Ameuza nini? Habari ya Oicha Maître hakuwa nayo. Mtu hawezi kuuza mbuzi ambaye hajawahi kumwona. Kapiteni alikuwa ameitafuta mwenyewe. Kutoka Beni mpaka Oicha si mwendo. Kesho Maître angesimama kusema hakuna Paluku mdogo, na Kapiteni angefungua mlango, Paluku aingie.

Akaenda kumtafuta avoka, akamwambia yote kwa pumzi moja. Maître alivua miwani.

“Miezi tatu, mama! Miezi tatu uko unaniangalia tu!”

“Nilikuona na Kalala. Ulimupa bahasha. Mulicheka.”

“Bahasha ilikuwa barua ya kuomba nisome dosye! Na nisipocheka naye, atanionyesha ile dosye siku ya kesi, nikiwa nimesimama mbele ya majuji kama mujinga. Njo kazi yangu, mama. Ninachekaka na batu benye sibapende.”

Hakulisema kwa upole, na kwa sababu hiyo Débora alimwamini. Kidogo.

Maître aliingia gerezani, akakaa humo muda mrefu. Aliporudi, hasira ilikuwa imemtoka.

“Mabote ni ya batu wa kuvuna kakao, kwenye shamba ya mama mudogo. Tangu baba afe, Gracien anabapelekeaka vitu. Siku ile Paluku alikuwa ametangulia na moto ingine. Alinyamaza juu yako, mama. Anafikiri haujue.”

Débora alifunika uso kwa kitenge. Walikuwa wamelinda siri moja, kila mtu upande wake wa ukuta, na ukuta ukamwangukia kijana.

“Sasa ninahitaji ule mama,” Maître akasema. “Bila ye, ni maneno ya mufungwa tu.”

Namba ilikuwamo, kwa jina la Kasonia, ndani ya simu ya marehemu, ambayo Débora alikuwa ameitunza.

“Allo?”

“Ni mama Kambale. Wa Butembo.”

Kuku walisikika huko mbali.

“Mama mukubwa,” ile sauti ikasema. “Miaka mine tangu unikatie simu. Leo unataka nini?”

“Kasonia, kuja mahakamani kesho. Useme mabote ni ya shamba yako.”

“Juu banifunge na miye? Nani alikutuma? Uko na nani hapo pembeni?”

“Niko na avoka.”

“Munamulipa na nini?”

“Hatumulipe.”

“Aaaa,” Kasonia akasema, na aaa yake ilikuwa ndefu. “Hivi hivi tu?”

“Hivi hivi. Ata miye sikuamini.”

“Na sasa?”

Débora alimtazama Maître, aliyejifanya anasoma. “Sasa ninaamini nusu.”

Simu ikakatika.

Kesho yake Débora alifunga, hakula hata kipande cha ndizi. Mchungaji alikuwa ametoka Butembo na mama watatu wa kanisa kumsindikiza mjane wa shemasi. Walikaa mbele, vitambaa vyao vyeupe kichwani. Kesi ilianza bila Kasonia. Maître alikuwa amekwisha kusimama mara mbili, akivuta maneno kama mtu anayerefusha kamba, wakati mwanamke mwenye matope kwenye viatu alipoingia.

Alisema vizuri, bila kutetemeka. Mabote ni ya wavunaji wake sita. Tochi ni za kulinda kakao isiibiwe. Gracien ni mwana wa bwana wake, na bwana wake ni Éliakim.

Kapiteni Kalala akainuka. “Ndoa iko na karatasi gani? Mutu yeyote anaweza kuletwa hapa aseme mabote ni yake. Nani anamujua huyu mama?”

Jaji akarudia: nani anamjua?

Maître alimgeukia Débora. Mahakama haikumwapisha, kwa sababu ni mama wa mshitakiwa. Débora aliwaza: hawa hawaniapishi, lakini kuna anayesikia. Akasimama. Mchungaji alimtabasamia kumtia moyo, na tabasamu lile ndilo lilikuwa zito kupita yote.

“Ninamujua. Ni bibi ya bwana yangu. Alizaa naye kijana, Paluku. Nilijua tangu tulimuzika bwana yangu, nikanyamaza.”

Mama mmoja wa kanisa akashika mdomo. Mchungaji akafungua Biblia yake, akatafuta ndani yake kitu ambacho hakukipata.

“Mama, ulijuaka?” Gracien akapaza sauti.

“Nilijua.”

“Na miye nilikuwa ninakuchunga!”

Jaji akagonga meza. Kapiteni alikuwa bado amesimama. Akamwuliza Kasonia kwa sauti laini, “Na huyu Paluku, leo eko wapi?”

“Eko shambani.”

“Upande gani?”

“Ng'ambo ya mto, karibu na pori,” Kasonia akajibu haraka, akidhani bado anamsaidia Gracien.

Kapiteni akaandika. Maître aliruka juu: “Paluku hashitakiwe hapa!” Jaji akakubali kwamba ni kweli, hashitakiwi. Lakini lililoandikwa lilikuwa limeandikwa.

Majaji walijitenga. Mchana walirudi, wakasema Gracien hana kosa, aachiliwe.

Nje, Débora alimshika mwana wake mpaka mikono ikamwuma. Mchungaji na mama wale walikuwa wamekwisha kupanda gari. Ndipo alipomwona Kasonia peke yake kwenye baraza. Akamwendea, mkono mbele.

“Mudogo yangu, Mungu akubariki. Umenirudishia mutoto.”

Kasonia hakuushika ule mkono. “Na wangu? Ule kapiteni aliandika nini?”

Débora akamtazama Maître, aliyekuwa amekuja nyuma yake.

“Mama Kasonia,” Maître akasema, “bakimuita Paluku, nitasimama naye. Bure, kama nilivyosimama na huyu.”

“Maître!” Kapiteni Kalala akaita kutoka mlango wa buro. “Kuja kidogo, tuongee!”

Maître akageuka, akainua mkono, akamchekea.

Kasonia aliona kicheko kile. Alimtazama avoka kutoka kichwa mpaka kwenye viatu vyake vinavyong'aa, akamtazama Gracien, akamtazama Débora. Akakaza fundo la kitenge chake, akashuka ngazi, akapita langoni, akashika njia ya Oicha.