Kichwa cha Mtoto wa Shangazi

Orodha ya vikosi viwili vya mechi ya Jumamosi ilibandikwa Ijumaa mchana kwenye mlango wa chumba cha kubadilishia nguo, na Lisiate akaisoma mara mbili. Goti halikumtia wasiwasi. Daktari wa Ufaransa alikuwa amelishona vizuri. Kilichomtia wasiwasi ni jina lililoandikwa kwenye kikosi cha wapinzani, jezi namba moja: Feleti.

Lisiate alikuwa na miaka thelathini na minne. Kwa kumi na miwili kati ya hiyo alikuwa amekula kwa shingo yake: mitatu Japani, tisa Ufaransa, mechi mia mbili na kumi na moja za raga, zote akivaa namba tatu. Namba tatu ndiye anayebeba uzito upande wa kulia wa skramu, pale vikosi viwili vinapoinamiana vichwa na kusukumana, wanaume wanane wakimsukuma kutoka mbele na saba kutoka nyuma. Mkataba wake uliisha Juni. Sasa Mfaransa mmoja mwembamba, mwenye daftari, alikuwa amefika Nuku'alofa, mji wa kwao Lisiate visiwani, kutafuta namba tatu mmoja tu. Angemtazama Jumamosi kwa dakika themanini. Jumapili hapa hakuna mpira, na Jumatatu mgeni alikuwa na safari ya ndege.

Feleti alikwisha kusaini kwingine, hakuwa na cha kupoteza. Tatizo ni kwamba alikuwa mtoto wa shangazi Lupe, dada mkubwa wa marehemu baba yake Lisiate. Shangazi ndiye mkubwa wa ukoo, na wanawe wamekupita cheo hata kama uliwabeba mgongoni. Wakitaka kitu chako hawaombi, wanachukua. Baiskeli ya Lisiate ilikwenda hivyo, na viatu vyake vya kwanza vya raga pia. Na kichwa cha aliyekupita cheo hakiguswi. Kwenye skramu, sikio la namba tatu husuguana na sikio la namba moja kama mawe ya kusagia. Kwa miaka kumi na miwili ughaibuni Lisiate alikuwa amesuguana na watu wasiomhusu.

"Karibu, binamu," Feleti alisema kwenye skramu ya kwanza Jumamosi, kinga ya meno ikimtoka kwa kucheka. "Taratibu na nywele. Nimenyoa kwa ajili yako."

"Nyamaza, uiname."

"Niiname kwako? Mama atasikia."

Wakainama. Shingo ya Lisiate ikafanya jambo ambalo hakuituma: ikajitenga na kichwa cha Feleti kwa upana wa kiganja. Kiganja kinatosha. Bega likapinda, skramu ikaanguka, refa akapuliza. Penalti. Skramu ya pili ikawa vilevile. Ya tatu, kocha alitupa kofia chini.

"Wewe babu," Solo, namba mbili wake, alimfokea, "umekuja kucheza au kusali?"

Mfaransa aliandika kidogo, kisha akaacha kuandika. Hilo lilikuwa baya zaidi.

Wakati wa mapumziko Lisiate hakwenda kunywa maji. Alikwenda kando ya uwanja, ambako shangazi Lupe alikuwa amekalia kiti cha plastiki, mkeka wa heshima umefungwa kiunoni, bakuli la majani ya magimbi na nyama ya kopo mapajani. Akaketi chini kwenye nyasi ili asimzidi kimo.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba. Unacheza vibaya."

"Najua. Ni kichwa cha Feleti..."

"Nimeona. Unakikwepa kama yai." Alitafuna, akameza. "Mabati ya nyumba yangu baada ya kimbunga aliyaleta nani?"

"Mimi, shangazi."

"Kwa kazi gani?"

"Ya skramu."

"Basi sikiliza. Chochote chako nikikitaka ni changu. Hukuninyima baiskeli, hukuninyima nguruwe wa harusi yako. Leo nautaka mkataba wa yule mtu mwembamba. Nenda ukaniletee."

"Uko nyuma ya kichwa cha mwanao, shangazi."

"Sikukuuliza uko wapi."

Lisiate alitafuta kasoro katika hoja hiyo, hakuiona. Feleti alikuwa juu yake, lakini mama alikuwa juu ya wote wawili.

Dakika ya hamsini na mbili ikaja skramu, mita tano kutoka mstari wa goli wa wapinzani.

"Binamu, nywele," Feleti alikumbusha.

Lisiate akalibandika sikio lake kwenye sikio la Feleti, akanyoosha mgongo, akasubiri amri ya refa. Namba moja akisukumwa sawasawa ana njia mbili: kurudi nyuma au kwenda juu. Feleti alipita zote mbili.

"Mama!" alilia miguu ikining'inia.

"Nani alikwambia uje na miguu ya kuku?" shangazi Lupe alijibu, na jukwaa zima likaangua kicheko. Kikosi cha Lisiate kikapita juu ya Feleti hadi mstarini, kikafunga trai.

Zilifuata skramu sita na penalti nne, zote kwa faida ya upande wa Lisiate. Mfaransa alifungua ukurasa mpya.

Baada ya mechi Mfaransa alikuwa na maneno machache: mkataba wa msimu mmoja, na wa pili goti likikubali. Lisiate akarudi kwenye kiti cha plastiki, akaketi nyasini, akatoa habari.

"Vizuri," shangazi alisema, akamsogezea bakuli. "Kula. Halafu nivulie jezi hiyo, kochi langu halina kitambaa."

Feleti akaja akijishika sikio, jekundu kama pilipili. Akaitazama miguu ya Lisiate kwa makini.

"Binamu, hivyo viatu ni saizi gani?"

Filimbi ya mwisho ilikuwa imekwisha kulia, na cheo cha Feleti kilikuwa kimerudi.

"Kumi na nne," Lisiate alisema, akaanza kulegeza kamba.